Mpaka usio na ujazo unawezaje kubeba tungamo?

*"Shikamoo mwalimu. Naandika tasnifu ya uzamili kuhusu anga zilizopinda. Mfano wangu mkuu ni rahisi: ndani ya tufe lenye nusukipenyo 10 nimeweka anga bapa ya Yuklidi, nje nimeweka metriki ya Schwarzschild (ile ya anga inayozunguka mwili wa umbo la tufe) yenye tungamo m. Pande mbili zinakutana kwenye uso wa tufe, ila metriki si nyororo pale. Mpindo skala ni sifuri ndani na ni sifuri nje, na uso wenyewe hauna ujazo. Kwa hiyo nimeandika kwamba mpindo skala si hasi karibu kila mahali, na teoremu ya tungamo chanya inatumika. Juzi nikajaribu m hasi, na hesabu zote zikakubali. Sasa nina anga ambayo sioni mpindo hasi mahali popote, lakini tungamo lake ni hasi. Je, teoremu imevunjika? Msimamizi wangu anasema nilainishe tu metriki kwenye mpaka, nitumie teoremu ya kawaida, niendelee na sura inayofuata. Sina amani na jibu hilo."*

Marahaba. Teoremu haijavunjika, na hesabu zako hazina kosa. Kasoro iko kwenye sentensi moja tu: kwamba uso hauna ujazo, kwa hiyo hauhesabiki. Umefanya vizuri kukataa kuendelea na sura inayofuata, maana jambo linalokusumbua ndilo kiini cha utafiti mzima kuhusu metriki zisizo nyororo, na mfano wako unalionyesha waziwazi kuliko makala nyingi.

Tukumbushane kwanza teoremu inadai nini. Chukua anga ya vipimo 3 ambayo kadiri unavyokwenda mbali inakaribia kuwa bapa. Richard Arnowitt, Stanley Deser na Charles Misner, katika kazi zao za kati ya 1959 na 1962, walionyesha namna ya kusoma tungamo lote la anga hiyo kutoka mbali: unaangalia, kwenye tufe kubwa mno, jinsi metriki, yaani kanuni ya kupima umbali, inavyotofautiana na ya Yuklidi, kisha unalisukuma tufe hilo hadi ukomo. Mpindo skala, namba inayosema anga imepinda kiasi gani katika nukta, nitauita S, na una maana ya kifizikia: katika anga iliyotulia kwa wakati, S ni msongamano wa nishati ukizidishwa kwa 16π. Teoremu inasema kwamba anga ikiwa kamili na S isiwe hasi popote, tungamo haliwezi kuwa hasi. Na likiwa sifuri, anga hiyo ni ya Yuklidi yenyewe. Richard Schoen na Shing-Tung Yau waliithibitisha mwaka 1979 kwa kutumia nyuso zenye eneo dogo kabisa. Mwaka 1981 Edward Witten akaithibitisha kwa njia nyingine, ya spinori (vitu vya kihisabati vinavyotumika pia kueleza elektroni). Wote waliianza kazi na metriki nyororo kiasi kwamba S ina thamani katika kila nukta. Metriki yako haina sifa hiyo, kwa hiyo huwezi kuitumia teoremu wala kusema imevunjika, mpaka kwanza useme "S si hasi" ina maana gani pale kwenye mshono, yaani uso ambapo pande mbili zinakutana.

Kabla ya hapo kuna mtego mmoja wa kuondoa. Ukiandika Schwarzschild kwa majiranukta ya vitabuni, kizidishi cha dr² kinaruka kutoka 1 ndani hadi 1/(1 − 2m/r) nje. Kwa m = 1.8 na r = 10 huko ni kuruka kutoka 1 hadi 1.5625, na utadhani metriki yenyewe imekatika. Haijakatika; ni majiranukta ndiyo hayafai. Tumia badala yake s, umbali halisi kutoka katikati. Metriki inakuwa ds² kujumlisha r(s)² mara metriki ya tufe la nusukipenyo 1. Ndani mteremko r′ ni 1. Nje r′ ni kipeuo cha pili cha 1 − 2m/r, ambacho kwenye mpaka ni kipeuo cha 0.64, yaani 0.8. Sasa unaona kilichopo: r haikatiki, mteremko wake ndio unaoshuka ghafla kutoka 1 hadi 0.8. Metriki ya namna hii huitwa ya Lipschitz.

Kwa metriki ya umbo hili mpindo skala unaandikika kwa mstari mmoja:

S = 2(1 − r′²)/r² − 4r″/r

Sehemu ya kwanza haina tatizo. Inaruka kidogo kwenye mshono lakini inabaki na ukomo. Tazama ya pili. r″ ni kasi ya mteremko kubadilika, na mteremko wako unabadilika kwa −0.2 ndani ya umbali sifuri. Kwa hiyo r″ pale ni −0.2 mara delta ya Dirac (kilele chembamba mno ambacho integrali yake ni 1), na S inapata kipande cha 4 × 0.2 / 10 = 0.08 mara delta. Kipande hiki hakionekani ukipima S nukta kwa nukta, kwa sababu kila nukta utakayochagua iko ama ndani ama nje ya mshono. Lakini ukitafuta integrali ya S kwenye kitabaka chembamba kinachouzunguka mshono, hata ukikipunguza unene hadi karibu na sifuri, jibu haliendi sifuri. Umelisoma hili tayari katika umeme: chaji iliyotandazwa juu ya uso wa chuma haina ujazo, lakini uga wa umeme unaruka unapouvuka uso huo, na kiasi cha kuruka ndicho kinachokwambia chaji ni kiasi gani. Tungamo la mfano wako limekaa hivyohivyo, lote juu ya uso.

Twende hatua moja mbele, kwa sababu ndipo utakapoona jinsi teoremu inavyofanya kazi. Tuandike M(s) = (r/2)(1 − r′²). Ndani ya tufe lako M ni sifuri, na nje ni m kila mahali. Tafuta badiliko la M kwa s, kisha ulinganishe na mstari wa S hapo juu, utapata

M′ = (r² r′ / 4) × S

Hiyo ndiyo teoremu ya tungamo chanya kwa anga zenye ulinganifu wa tufe, nzima, kwa mstari mmoja. M inaanza na sifuri katikati. Ikiwa r′ ni chanya (maana yake hatujakutana na upeo wa shimo jeusi) na S si hasi, M haiwezi kushuka, na thamani inayoifikia mbali kabisa ni tungamo lenyewe. Sasa uvuke mshono. r = 10, S ni 0.08 mara delta, na r′ inaruka kutoka 1 hadi 0.8, kwa hiyo chukua wastani wake, 0.9. Unapata 100 × 0.9 / 4 × 0.08 = 1.8. Tungamo lote limeingia kwa mruko mmoja, mahali ambapo tasnifu yako inasema hakuna kitu.

Naomba ukae kidogo na namba hizi, kwa sababu zina fizikia nzuri ndani yake. Ukigawanya 0.08 kwa 16π unapata msongamano wa tungamo kwa eneo, na ukizidisha kwa eneo la tufe, 400π, unapata 2.0. Hilo ndilo tungamo la ganda likipimwa papo hapo kipande kwa kipande. Lakini kutoka mbali linasomeka 1.8. Ile 0.2 iliyopungua ni nishati ya mvutano wa ganda na nafsi yake, ambayo ni hasi. Ukitaka kuzivisha namba hizo vipimo, chukua kilomita, maana hapa tungamo hupimwa kama urefu: tungamo la Jua katika vipimo hivi ni kama kilomita 1.48, kwa hiyo ganda lako lina tungamo la Jua moja na zaidi kidogo, likiwa na nusukipenyo cha kilomita 10, karibu na ukubwa wa nyota ya nyutroni. Mvutano wa nguvu kiasi hicho ndio unaofanya tofauti ya 2.0 na 1.8 iwe kubwa.

Na m hasi? Weka m = −2.2. Kipeuo cha 1 + 0.44 ni 1.2, kwa hiyo mteremko unapanda kutoka 1 hadi 1.2 badala ya kushuka. S kwenye mshono ni −0.08 mara delta. Wastani wa r′ ni 1.1, na M inaruka kwa 100 × 1.1 / 4 × (−0.08) = −2.2. Mpindo hasi ulikuwapo tangu mwanzo. Umejificha kwenye uso wenye ujazo sifuri. Kwa hiyo anga yako ya pili haitimizi sharti la teoremu, na haki ya teoremu imelindwa. Maneno "karibu kila mahali" ndiyo uliyotegemea, na kwa mpindo maneno hayo hayatoshi.

Pengine unajiuliza kama hili ni bahati ya ulinganifu wa tufe. Si hivyo. Mwaka 2002 Pengzi Miao alithibitisha teoremu kwa metriki zenye mshono wa umbo lolote. Sharti lake linahusu H, mpindo wastani wa uso wa mshono: ukiupima kwa kutumia metriki ya ndani, usiwe mdogo kuliko ukiupima kwa metriki ya nje. Kwa tufe lako H ni 2r′/r, kwa hiyo ndani ni 0.2, nje ni 0.16 kwa m = 1.8, na 0.24 kwa m = −2.2. Mfano wa kwanza unapita, wa pili unakwama. Kwa ujumla delta iliyo kwenye mshono ni mara 2 ya H ya ndani kutoa H ya nje, kwa hiyo sharti la Miao linasema tu kwamba delta hiyo isiwe hasi. Mwaka huohuo Yuguang Shi na Luen-Fai Tam walitumia wazo la aina hiyo kuonyesha kwamba tungamo la Brown na York, linalopimwa kwenye mpaka wa mwili wenye ukomo, haliwi hasi, mradi mpaka huo una mpindo chanya na S ya ndani si hasi.

Sasa tuje kwa ushauri wa msimamizi wako. Hakukuelekeza vibaya, amekupa nusu ya njia. Kulainisha ndiko kunakoanza uthibitisho wa Miao, ila kulainisha hakufuti mpindo wa mshono, kunautandaza tu. Ukilainisha mfano wako wa m hasi ndani ya kitabaka chenye unene 0.01, S hapo inakuwa karibu −8. Ukipunguza unene hadi 0.001, inakuwa karibu −80. Teoremu ya kawaida haiwezi kuigusa metriki hiyo.

Mshono ukiwa mzuri, katika mfano wako wa m chanya kulainisha kunatosha kabisa, maana unaweza kuipinda r taratibu bila S kuwa hasi popote. Lakini katika umbo lisilo na ulinganifu kulainisha kunaweza kuacha mabaki ya mpindo hasi. Hapa ndipo penye ustadi. Miao alilainisha kwa namna ambayo mabaki hayo yana ukomo usiotegemea unene, na yanakaa ndani ya kitabaka kinachozidi kuwa chembamba. Kipimo kinachofaa kwa vipimo 3 ni hiki: inua mabaki kwa kipeo cha 3/2, tafuta integrali, kisha inua jibu kwa 2/3. Mabaki yenye ukomo yanakwenda sifuri kwa kipimo hiki kadiri unene unavyopungua. Kisha unaizidisha metriki kwa kipengele kinachokaribia 1 ili kuyafuta, tungamo linabadilika kidogo sana, na kwenye ukomo unabaki na tungamo lisilo hasi. Ukijaribu hivyohivyo kwa m hasi, kipimo hicho hakipungui. Kinakua, kama unene kwa kipeo cha −1/3. Andika hesabu hiyo katika tasnifu. Mistari michache tu, na itamwonyesha mtahini kwamba unaelewa kwa nini njia inafanya kazi upande mmoja na kukataa upande mwingine.

Unaweza kushuka chini zaidi ya Lipschitz. Mpindo skala unaweza kuandikwa kama badiliko la kitu chenye derivativi za kwanza za metriki, kujumlisha kitu chenye miraba ya derivativi hizo. Kwa hiyo badala ya kuuliza S ni ngapi katika nukta, unaizidisha kwa kitendaji nyororo cha majaribio, unatafuta integrali, na unahamisha derivativi moja iende kwenye kitendaji hicho. S inabaki kuwa distribusheni, na "S si hasi" maana yake kila kitendaji kisicho hasi kinatoa integrali isiyo hasi. Mwaka 2015 Dan Lee na Philippe LeFloch walithibitisha teoremu kwa maana hii, kwa metriki zisizokatika ambazo derivativi zake za kwanza, zikiinuliwa kwa kipeo n ambacho ni idadi ya vipimo, zina integrali yenye ukomo. Waliifuata njia ya Witten, na ukitaka kujua kipeo n kimetoka wapi, fanya hesabu kwa vipimo 3. Kwenye integrali ya Witten kuna zao la vitu vitatu: derivativi ya metriki, spinori, na derivativi ya spinori. Cha kwanza kiko kwenye L³ (yaani kikiinuliwa kwa kipeo cha 3 kina integrali yenye ukomo), cha pili kwenye L⁶ kwa kanuni ya Sobolev ya kutolingana, cha tatu kwenye L². Na 1/3 + 1/6 + 1/2 = 1, jumla ileile inayodaiwa na kanuni ya Hölder ili integrali ya zao iwe na ukomo. Hakuna nafasi iliyobaki hata kidogo. Mshono wako unaingia humo kama mfano mmojawapo.

Mbele ya hapo ardhi inaanza kuteleza. Metriki ikivunjika kwenye mstari tu, kwa mfano ukingo wa koni, pembe inayouzunguka mstari ndiyo inayoamua: chini ya 2π ni mpindo chanya uliofichwa, juu ya 2π ni hasi. Kwa nukta pweke katika vipimo 3, Chao Li na Christos Mantoulidis walionyesha mwaka 2019 kwamba metriki ikibaki kati ya mafungu mawili ya ile ya kawaida, nukta hizo hazifichi hasi yoyote. Schoen alikisia kwamba hali iwe hivyo kwa mivunjiko yote ambayo idadi ya vipimo vyake imepungukiwa na ile ya anga kwa 3 au zaidi. Mwaka 2024 Simone Cecchini, Georg Frenck na Rudolf Zeidler walitoa mifano inayolipinga kisio hilo kuanzia vipimo 8. Kwa hiyo usiandike popote kwamba mivunjiko midogo haina madhara. Sema ni midogo kiasi gani, na katika vipimo vingapi.

Kwa tasnifu yako, ningefanya hivi. Thibitisha mfano wako kwa mkono, kwa ile M(s). Nusu ukurasa unatosha na haukopi chochote kwa mtu. Kisha taja teoremu ya Miao kwa umbo la jumla, uonyeshe kwamba sharti lake kwa tufe lako ni sawasawa na m kutokuwa hasi. Lee na LeFloch wape aya moja. Njia yao ni pana zaidi, na katika vipimo 3 hitaji lao la spinori halikugharimu kitu kwa sababu kila anga ya vipimo 3 yenye mwelekeo inazikubali. Lakini inadai uchambuzi wa kiwango ambacho kitakula miezi ambayo huenda huna. Usisahau pia kwamba ukorofi tunaouruhusu ni wa ndani tu. Mbali kabisa metriki lazima bado iikaribie ile ya Yuklidi kwa kasi kuliko 1/√r, la sivyo tungamo lenyewe halina maana. Schwarzschild inakwenda kama 1/r, kwa hiyo uko salama.

Kuna mambo matatu ambayo yakitokea uache kusoma peke yako, umtafute mtu wa kukaa naye mbele ya ubao. La kwanza, ukitaka kusema kitu kuhusu tungamo sifuri: kwamba anga ni ya Yuklidi hata kama kulikuwa na mshono. Uthibitisho huo ni wa aina nyingine. Donovan McFeron na Gábor Székelyhidi waliutoa mwaka 2012 kwa mtiririko wa Ricci (mlinganyo unaoibadilisha metriki taratibu na kuilainisha), na si kitu cha kujifunza kwa kukisia. La pili, anga yako isipokuwa imetulia kwa wakati, kwa mfano ganda likiwa linaporomoka. Hapo S peke yake haitoshi, unahitaji sharti la nishati linalohusisha pia mwendo. La tatu, metriki ikikatika yenyewe, hata baada ya kubadilisha majiranukta. Kwa yeyote kati ya hayo mtafute mtu wa uchambuzi wa jiometri au wa mvutano wa Einstein. Ukiwa Afrika Mashariki, Kigali kuna Taasisi ya Afrika Mashariki ya Utafiti wa Sayansi za Msingi, mshirika wa ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia kilichoko Trieste, Italia; waandikie ueleze tatizo kwa ukurasa mmoja, ukiwa na namba 0.2, 0.16 na 0.24 zimeandikwa juu kabisa.

Ile hesabu ya m hasi usiifute. Iweke mara tu baada ya teoremu ya Miao, kama mfano unaoonyesha kwamba sharti la mshono haliondoleki. Na umwonyeshe msimamizi wako ile −8 inayogeuka −80. Nadhani mtaelewana haraka.